Mama Kinya na Mpaka Uliochipuka

Winrose Igoki Njeru, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kinya, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 katika kijiji kilicho juu kidogo ya Nkubu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kobia na Mama Karimi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akaendelea hadi kidato cha pili, karo ilipokatika. Walimu wake walimkumbuka kwa hisabati na kwa kukwea miparachichi ya jirani mchana kweupe, bila aibu hata kidogo.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwapikia vijana wa kandarasi waliokata miti chini ya nyaya za umeme. Asubuhi moja mkwezi wao hakufika. Winrose alifunika sufuria, akajifunga kamba, akapanda. Chakula kiliungua siku hiyo, na kazi ya jikoni ikaisha. Baadaye alipewa kikosi chake mwenyewe, na barabara ya kutoka Nkubu hadi Embu mjini ikamjua.

Kazi ilimfikisha Ishiara, na huko alikutana na fundi wa mawe, Antony Njeru. Walifunga ndoa kanisani tarehe 7 Desemba 1985, wakaja kuishi hapa kijijini. Njeru alikuwa akisema kwamba yeye alimwona mkewe kwanza kutoka chini, kwa hiyo hakuwahi kujidanganya kuhusu nani yuko juu.

Lakini ndugu zangu, tukizungumza habari za Mama Kinya bila kutaja mwaka 2013, atatukasirikia. Zahanati yetu haikuwa na umeme. Akina mama walijifungua kwa mwanga wa tochi. Laini ilipaswa kupita juu ya mpaka wa Mzee Kaberia na Mama Nelius, na mpaka wenyewe ni safu ya mikungugu, miti ya ua, iliyopandwa na baba zao, viazi vikuu vikiwa vimetambaa juu yake. Amri kwa kikosi cha Mama Kinya ilikuwa kung'oa yote. Kaberia aliketi chini ya mti wa kwanza na panga magotini. Nguzo zikalala kando ya barabara, na watu wakaanza kusema zitapelekwa kijiji kingine.

Mama Kinya hakuleta polisi. Aliwaomba wakubwa wake wamruhusu kupunguza badala ya kung'oa, nao wakakubali, mradi asiache tawi karibu na waya. Akangoja Septemba, majani ya viazi yakauke na mvua iwe karibu. Kisha akaziita nyumba zote mbili.

"Mama Kinya," Kaberia akamwambia, "mti huu ukiisha, wajukuu wangu nitawaonyesha nini?"

"Utawaonyesha miwili, mzee. Nitaukata kichwa tu, na tawi lake tutalipanda kwenye pengo. Mkungugu hukubali, huota hata kwa tawi."

Mama Nelius akacheka. "Huyu? Mwachie tawi, alipande mpaka kitandani kwangu."

"Ndiyo maana wewe utalishika upande wa pili."

Na ikawa hivyo. Kila tawi lililoshuka, Kaberia alishika huku, Mama Nelius akashika kule, wakalizika pamoja, wakigombana kwa kila shimo. Safu ilibaki fupi chini ya waya, mapengo yakazibwa. Mvua ya Oktoba ikanyesha, matawi yakachipuka. Kabla ya Krismasi zahanati iliwaka taa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa chini yake ni mjukuu wa Kaberia. Aliitwa Igoki.

Mwaka 2023 Mama Kinya alipatikana na ugonjwa wa figo. Aliuvumilia bila manung'uniko, akawasimulia hata wauguzi jinsi ya kukata tawi bila kuchana gome. Alituacha asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025, hospitalini Nkubu, Njeru akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mumewe, Antony Njeru. Watoto wake Kinya, Gitobu na Thuranira. Wifi yake Ciku wa Ishiara. Na wajukuu sita. Kaburi hili limechimbwa na vijana wa kwa Kaberia na wa kwa Mama Nelius, jembe kwa jembe, na leo hakuna aliyeuliza limeingia shamba la nani.

Mungu ampe Winrose pumziko tulivu.