Karekezi wa Gitaa, Mtu Asiyetulia

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu shikamooni, na wengine wote poleni na jua. Mimi ni Anonciata, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kusoma historia hii kwa sababu baba yetu, mzee Gaspari, amekataa kuisoma, na wale vijana mnaowaona wamekalia mipini ya majembe wanamsubiri yeye huyo huyo, maana kwetu kaburi halichimbwi mpaka mwenye kibanja aoneshe mahali na apige jembe la kwanza, na mwenye kibanja hajainuka kwenye kiti tangu asubuhi. Basi mimi nasoma, na yeye anasikia.

Ildefonsi Karekezi alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 hapa Nyakatuntu, mtoto wa tatu wa mzee Gaspari na marehemu mama yetu Therese Nyirabahire, waliotoka Rwanda wakawa vibarua kwenye kahawa za watu mpaka wakapata kibanja hiki, shamba lao wenyewe la migomba, ambacho baba anakitunza kama mboni ya jicho. Alisoma shule ya msingi Bugomora kuanzia 1967 hadi 1973, kichwa kizuri, ila miguu haikutulia chini ya dawati.

Vita ilipotufikia mwishoni mwa 1978 alikwenda na mgambo, akarudi Julai 1979 amekonda, mzima, na mgongoni ana gitaa la umeme alilopewa na mwanamuziki mmoja wa Masaka aliyekuwa anahama. Gitaa la umeme, jamani, na sisi hata nguzo ya umeme hatujaiona! Mwaka 1981 yeye na rafiki yake Melkiory, fundi magari, waliunda Radi Bendi, wakawa wanafunga spika kwenye betri ya lori na kupiga muziki wa roki siku za gulio, ule wa kuparuza nyuzi mpaka meno yanauma, na vijana walimpenda kufa.

Sasa niseme lile ambalo wengi mnalinong'ona. Baba aliposikia mwanawe anapiga roki, alijua ni nyimbo za Mtakatifu Roki, msimamizi wa jumuiya yetu, akafurahi mno, akamwambia katekista Elpidius, ikatangazwa baada ya ibada, na tarehe 16 Agosti 1984, sikukuu ya Mtakatifu huyo, Karekezi akaitwa kigangoni. Hakuwasahihisha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza baba kumwita popote na gitaa lake. Alipogusa uzi wa kwanza mama Dafroza wa kwaya aliangusha mshumaa, kuku wa sadaka wakakata kamba, watoto wakaruka na kucheza mbele ya sanamu, na baba akatoka nje kichwa chini. Jioni ile aliapa kwamba Karekezi asikanyage tena kibanja hiki.

Alifunga ndoa na Costansia tarehe 8 Novemba 1986 huko Kituntu, baba hakwenda, wakajaliwa watoto wawili, Deodatha mwaka 1987 na Protase mwaka 1990. Alikuwa leo Bukoba, kesho Mwanza, akichelewa tunajua amepata mahali pa kupiga, na kila akirudi alipita hapa, akasimama mpakani mwa migomba, akamwamkia mama kwa sauti kutoka kule, kisha akaondoka. Mama alipozikwa Februari 1991 alisimama pale pale nje ya mpaka hadi watu wote wakatawanyika. Mimi niliumia, na leo bado naumia.

Alianza kuumwa kifua Januari 1995, akalazwa hospitali ya misheni mara kwa mara, na Jumanne tarehe 14 Novemba 1995, saa nne asubuhi, akafariki. Alimwomba mkewe asimzike ukweni, alitaka kulala kando ya mama yake. Baba, uliapa asikanyage. Hajakanyaga. Amebebwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Bugomora mlioleta ndizi na kuni bila kuitwa, wanajumuiya, akina mama mliolala nasi, na wenzake wa bendi, hasa Melkiory aliyemleta kwa gari alilolitengeneza kwa ajili ya safari hii tu. Tukimsahau mtu atusamehe, akili zetu haziko...

Ngojeni kidogo. Mzee amesimama. Vijana, inukeni, mpeni jembe, si hilo, mpeni lile jepesi, na mpisheni apite. Costansia, wachukue watoto msogee karibu. Anakwenda kwa mama.

Karekezi, mdogo wangu, unachimbiwa na baba. Tulia sasa, upumzike kwa amani.