Fomu Zilizomwondoa Mwalimu Nyanchera

Sogeeni, Orpah na Jethro, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Shamba la majani chai mgawane kama marehemu mama yenu alivyotaka; hilo halina ugomvi. Kinachonikaba ni kingine.

Nilipokuwa mkuu wa idara chuoni, wanafunzi walijaza fomu kila muhula kuwapima walimu wao. Lorna Nyanchera, mwalimu wa takwimu, alipata mbili kwa tano. Muhula uliotangulia alikuwa na nne na nusu, kwa somo lile lile! Mtu mzima hubadilikaje hivyo kwa miezi minne? Sikuuliza, ingawa nilijua kwamba katikati hapo aliwanasa kumi na wawili wakiibia mtihani. Nikatia sahihi mkataba wake usiendelee.

Akaniambia, "Mwalimu Nyakundi, waulize hao hao baada ya miaka mitano."

Nikamjibu kwa kiburi, "Fomu haidanganyi."

Ngoma ya watoto haikeshi, wanangu, nami mtu mzima niliicheza. Mwaka wa sita nilikutana na Masese sokoni Keumbu, mmoja wa wale kumi na wawili, sasa anatunza takwimu za hospitali. Akanishika mkono. "Mzee, mimi niliandika kwamba yule mama hajui kufundisha. Nilikuwa na hasira tu. Kazi hii yote ninayofanya ni yeye aliyenifunza."

Nikaenda chuoni mara tatu kuomba jina la Lorna lisafishwe. Wakanijibu nini? Eti alama zikishaingia hazitoki! Hasira ikanirudisha nyumbani, kumbe niliyestahili kukasirikiwa ni mimi, kwa kuwa kwake Suneka, anakofundisha watoto hesabu za kutoa na kujumlisha, sikuthubutu kukanyaga. Miaka tisa nimeogopa macho ya mama mmoja.

Orpah, nawe sasa ni mhadhiri, na umeniambia unalegeza mitihani ili wakupende. Acha. Afadhali wakuchukie muhula mmoja.

Nikifa, msisome sifa zangu kaburini. Someni kwamba nilimdhulumu Lorna Nyanchera nikijua. Kanisa zima lisikie, hata wazee wakinuna.

Lakini Jethro... pikipiki ina mafuta? Nenda Suneka umlete. Akikataa, usimlaumu, mwambie tu... mwambie nimekiri mbele yenu.

Nyasae Mungu wetu awalinde, awape ujasiri ambao mimi... Orpah, niinue kidogo. Niketi. Asinikute nimelala.