Gololi Tatu za Kumuaga Ninahazwe

Mheshimiwa Mchungaji Gustave, mwenye kiti cha mbele na sahani ya kwanza. Mama Marcelline, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Durban. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa Mobeni ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna samaki. Na wewe Ninahazwe, binti yangu, unayetuaga leo: nawasalimu wote, kila mtu na ukubwa wake.

Kabla sijaendelea, ijulikane kwamba ule uchaguzi wa ubunge kule Gambia, uliomfanya mume wa binti huyu awe mheshimiwa, niliushinda mimi. Ndiyo, mimi Onesphore, fundi viatu wa Greyville, niliyeachana na shule darasa la nne kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Naona Mama Marcelline ananikazia macho. Bon, nimedanganya. Gambia sijafika, na kwenye ramani naitafuta kwa miwani mpaka leo. Aliyeshinda ni Kebba mwenyewe, yule fundi cherehani wa mlango wa pili kutoka saluni ya Ninahazwe, aliyemwoa jirani yake, kisha mwaka jana akarudi kwao kugombea. Lakini nilikuwepo! Nilikuwa pale saluni nakula sambusa wakati historia inapita kwenye simu.

Mnakumbuka walivyopatana hawa wawili? Kebba akishinda, mke anafunga saluni anamfuata. Akishindwa, yeye anarudi kwenye cherehani yake hapa. Sasa niambieni ukweli, ninyi mliosukwa na mikono hii, ninyi ambao watoto wenu walilala kwenye kochi lake mkiwa kazini: ni nani kati yetu aliyeomba Kebba ashinde kwa moyo mzima? Mchungaji, hata wewe. Nilikusikia: "Bwana, tenda lile linaloifaa jumuiya hii." Eish! Hiyo ni sala au ni kampeni?

Na kule kwao mambo yalikuwa magumu. Wapinzani walipita nyumba kwa nyumba: "Huyo Kebba ana mke mgeni, hawezi hata kumwamkia mama yenu. Mtamchagua leo, kesho yuko Durban." Hawakujua kwamba binti huyu alijifunza Kimandinka kwa mama mkwe wake, kwenye simu, huku anasuka. Wateja walidhani ananena kwa lugha. Wengine waliitikia amina.

Sasa, Wagambia hawapigi kura kwa karatasi. Kila mtu anapewa gololi moja, anaingia peke yake nyuma ya pazia, anaitumbukiza kwenye pipa la mgombea wake, na ndani ya pipa iko kengele: ting! Msimamizi nje akisikia ting moja, anaridhika. Ikilia tena, kuna mwizi. Ndiyo maana siku hiyo baiskeli hazitakiwi karibu. Nami nawauliza: Jeancy wetu wa duka la simu, siku Kebba anaondoka, alimwekea mlio gani kwenye simu? Simama, Jeancy, usijifiche nyuma ya Carmel. Kengele ya baiskeli!

Kebba yuko kwenye foleni, simu mfukoni. Nyuma ya pazia yuko mzee mmoja na gololi yake moja. Ninahazwe, roho juu, anapiga simu kutoka Greyville. Ting-ting-ting! Foleni ikalipuka: "Mzee anamwaga gololi!" Mzee akatoka anaapa kwa mababu zake. Ninahazwe akapiga tena. Ting-ting-ting! Msimamizi, mama mmoja mkali, akaifuata sauti mpaka mfukoni mwa Kebba, akaitoa ile simu, akaipokea mbele ya watu wote, sauti wazi. Na binti yetu hakungoja salamu. Kwa Kimandinka safi:

"Kebba! Mama yako amenipigia, umetoka bila uji! Na hilo shati umelipiga pasi, au umesimama hapo kama kuku aliyenyeshewa?"

"Huyu si Kebba," akasema yule mama. "Hii ni tume ya uchaguzi."

"Basi tume impe uji!"

Kicheko chao tulikisikia mpaka huku. Maneno alitutafsiria baadaye, uso ukiwa ndani ya taulo. "Nimemwangusha mume wangu," analia. Wapi! Kina mama wa foleni walikuwa wakisemezana: "Mgeni gani huyu, anagomba kama dada zetu?"

Jioni wakahesabu. Gololi zinapangwa kwenye ubao wa matundu, kama ikibuguzo chetu cha Burundi, ule mchezo ambao Ninahazwe hajawahi kunifunga. Kebba akawa nyuma, kituo baada ya kituo. Ninahazwe akaweka kitana chini: "Papa Onesphore, ameshindwa. Basi atarudi." Nami, mzee mjinga, badala ya kufurahi kimyakimya, nikaona zile kope zimelowa, nikasema: "Atashinda. Tuwekeane dau." Akasema: "Akishinda, hizo ndevu zako nyeupe nitazipaka rangi nyeusi kwa mikono yangu mwenyewe."

Kikabaki kituo kimoja, kile cha uji. Kebba akapita kwa gololi tatu. Wakarudia kuhesabu: tatu! Ghislaine, aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, alicheza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, taxi zikasimama na taa iko kijani.

Mimi niliweka dau huku naomba nishindwe. Nimeshinda, na hasara yangu ndiyo ile pale imevaa kitenge kipya, inacheka mpaka magego.

Cheka, binti yangu, na uende. Mwambie mheshimiwa wako abadilishe mlio wa simu kabla hajaingia bungeni. Ninyi nyote mlionivumilia, asanteni kwa masikio yenu. Muziki na uendelee.

Lakini ndege ni kesho, Ninahazwe, na hizi ndevu bado nyeupe. Rangi ninayo mfukoni. Kiti chako cha saluni hakijauzwa. Mtu alete taulo. Anzia upande huu wa kushoto, taratibu, hatuna haraka.