Etelvina Cuesta na Barabara ya Brañaseca

Ndugu zetu, majirani wa Villar de Corros, jamaa mliotoka Oviedo na Gijón, nanyi waendesha baiskeli mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimejaa, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba mtusikilize kidogo tumweleze mama yetu kama tulivyomjua.

Etelvina Cuesta Llano alizaliwa tarehe 3 Februari 1939, hapa hapa Villar de Corros, katika nyumba iliyo juu ya birika la kunyweshea ng'ombe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Ramiro Cuesta, mfugaji, na marehemu Obdulia Llano, katika majira ya baridi ambayo theluji ilifika usawa wa madirisha, hata mkunga ikabidi aingie kwa mlango wa darini, pale panapowekwa nyasi kavu.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1945 hadi 1951, mama yake alipofariki, naye akaacha masomo ili asaidie nyumbani, na kila kiangazi alipanda na ng'ombe hadi malisho ya juu, akalala katika kibanda cha mawe, akajifunza kutengeneza jibini, na huko ndiko ilikoanza ile tabia yake tuliyoijua sote, ya kusimama na ndoo mkononi jua linapogusa vilele, akasahau maziwa, akasahau chai, akasahau hata kwamba kuna mtu anamwita. Baba yake alizoea kusema kwamba ng'ombe wa Etelvina walikamuliwa wa mwisho bonde zima.

Tarehe 1 Machi 1957, ami yake Amador, aliyekuwa tarishi wa posta, aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na kwa kuwa vijana wengi walikuwa wamekwenda migodini au ng'ambo, Etelvina alichukua mkoba wake na baiskeli yake, chuma kizito kisicho na gia, akaanza kuvuka mgongo wa mlima wa Brañaseca kupeleka barua katika vitongoji vya upande wa pili, akiwa amevaa suruali ya kaka yake. Padri wa wakati ule, Don Wenceslao, alisema madhabahuni kwamba miguu ya msichana haikuumbwa ili itazamwe na mlima mzima, na wazee wanakumbuka kwamba baada ya misa Etelvina alimfuata mlangoni, akamwamkia kwa heshima, akamwambia, "Baba, barua ya dada yako wa Argentina ninayo hapa mkobani. Ukipenda, zinazofuata nitazileta kwa miguu, labda zitafika Pasaka." Padri alicheka mbele za watu, akapokea barua yake, na habari ya miguu haikusemwa tena.

Tarehe 20 Mei 1961 alifunga ndoa na Laudelino Prida, mwashi wa mawe, mtu wa maneno machache na mikono mizuri, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nieves mwaka 1962, na Evelio mwaka 1964, ambaye alianza kumfuata mama yake barabarani tangu miguu yake ilipofikia pedali, akawa anapanda Brañaseca huku akiimba ili tu kumwonyesha kwamba pumzi bado anayo, naye mama akimjibu kutoka nyuma kwamba kama wimbo wenyewe ungekuwa mzuri angevumilia. Alipofika miaka ishirini Evelio alikuwa katika timu ya mkoa, na vijana wa bonde walikuwa wakimtaja kwa jina moja tu.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 1986, Evelio alipanda Brañaseca pamoja na rafiki yake Faustino Riera, ambaye wote mnamwita Tino, wakafika juu pamoja, wakaanza kuteremka upande wa pili, Tino akiwa mbele, na kwenye kona ambayo ukuta wake ulikuwa umebomoka, Evelio alitoka barabarani akaanguka korongoni, akafariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Tino alifika chini, akakaa kwenye baa iliyo kando ya daraja, akaagiza vinywaji viwili, akamngoja.

Etelvina hakupanda tena. Aliitundika baiskeli zizini, akaiomba posta impe mzunguko wa bondeni kwa gari, na kwa miaka tisa, alipolazimika kwenda upande wa pili, alizunguka kwa barabara ya mtoni, safari ya karibu nusu siku, huku Laudelino akiandika na kuomba barabara ya juu ifungwe kabisa, na ndani ya nyumba ile jina la Tino halikutajwa. Tino mwenyewe alikuwa amehamia Gijón kufanya kazi kwenye karakana ya meli, na baiskeli alikwisha kuiuza.

Mwezi wa Septemba 1995 alikuja kubisha mlangoni. Laudelino alimwona dirishani, akasema huyu asiingie, akaenda kukaa chumba cha nyuma, kwa hiyo Etelvina akatoka yeye, akasimama naye uani, na yule kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema, alimwambia jambo alilokuwa amelibeba miaka yote hiyo.

"Mama, sikugeuka nyuma. Nilisikia breki zake, nikadhani anacheza. Ningegeuka, ningemwona."

Nieves, aliyekuwa jikoni akisikiliza, anasema mama yake alimuuliza tu kama bado anajua kuendesha, na Tino alipoitikia, akamwambia, "Basi azima baiskeli, kesho asubuhi uje. Usichelewe."

Usiku ule aliishusha baiskeli ya ami Amador, akaipaka mafuta mnyororo, akaijaza upepo, na asubuhi wakaondoka, mama wa miaka hamsini na sita na mtu ambaye mumewe hakutaka kumwona, wakapanda polepole katikati ya ukungu mzito, bila kuzungumza, hadi pale juu ya misitu ya mialoni ukungu ulipokwisha ghafla chini yao, na wakajikuta wako juu ya mawingu, mabonde yote yamefunikwa kama maziwa yaliyoganda, vilele vimechomoza kimoja kimoja hadi upeo wa macho, na tumbusi wakubwa wanazunguka chini ya miguu yao, migongo yao ikiwaka jua. Etelvina alikuwa hajaiona hali hiyo miaka tisa. Tino anasema mama alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani, akalia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha wakateremka. Kwenye ile kona alisimama, akaweka baiskeli chini, akamwambia Tino aende mpaka pale alipokuwa siku ile aliposikia breki, asimame hapo hapo, ageuke. Tino akaenda, akageuka, akaona jabali. Jabali lile linatokeza barabarani na kuifunika kona yote, na ingawa Etelvina alikuwa amesimama katikati ya njia akipunga mikono miwili, Tino hakumwona, hakuona hata kivuli chake, ila alisikia sauti yake ikimfikia kutoka ng'ambo ya mwamba.

"Unaniona?"

"Hapana, mama."

"Basi hata ungegeuka usingemwona. Hukumwacha, mwanangu. Njoo twende nyumbani."

Tumeamua kulisoma neno hili mbele yenu kwa sababu Tino mwenyewe ametuomba, na kwa sababu yote mnayoyajua juu ya mama yetu baada ya hapo yalitoka katika asubuhi ile. Kila Jumapili wakawa wanapanda wawili, kisha wanne, kisha wengi, naye akiwaongoza kwa njia za zamani za posta, akiunganisha mgongo mmoja wa mlima na mwingine, kupitia vitongoji vilivyobaki na moshi wa nyumba moja au mbili, hadi ukapatikana ule mzunguko mnaouita Njia ya Posta, ambao leo wanakuja kuupanda watu kutoka Uholanzi, Ureno, hata Japani, wakilala nyumbani kwake, wakila maharagwe yake meupe yenye soseji na jibini yake ya bluu, wakimiminiwa glasi za pombe ya tufaha, chupa ikiinuliwa juu ya kichwa kama ilivyo desturi yetu, na kabla ya mteremko wa Brañaseca akiwasimamisha wote, mabingwa na wanaojifunza, akiwaambia kwamba aliyekuja kushindana atafute mlima mwingine.

Laudelino kwa muda mrefu hakutaka kushiriki, hadi vuli ya mwaka 1998, majirani walipoona trekta lake limepanda na mawe, wakamkuta kwenye ile kona peke yake anajenga ukuta, bila kutumwa na serikali wala mtu yeyote. Tino alipopata habari alipanda, akaanza kumsogezea mawe, na kwa siku mbili walifanya kazi bega kwa bega bila salamu, hata siku ya tatu Laudelino, bila kuinua macho, akasema, "Hilo si la pembeni. Lete lile pana." Tangu siku hiyo Tino alikuwa na kiti chake mezani, na Laudelino alipofariki tarehe 9 Novemba 2011, Tino alikuwa mmoja wa waliombeba.

Etelvina alistaafu posta mwaka 1999, lakini aliendelea kuendesha hadi mwaka 2019, moyo ulipoanza kudhoofika, na daktari akamkataza kupanda. Alitii, kwa manung'uniko. Septemba iliyopita Tino alileta baiskeli ya watu wawili, akamkalisha nyuma, akamwambia asiguse pedali, ingawa tunajua aligusa, na wajukuu wakafuata na gari, wakamfikisha juu jua likichomoza, wakamfunika blanketi, wakamwacha atazame. Mjukuu wake mdogo alimuuliza kama hajachoka kuiangalia milima ile ile maisha yake yote, naye akajibu bila kuondoa macho, "Sijaizoea bado."

Hali yake ilibadilika mwezi wa Machi mwaka huu, akalazwa hospitali mjini Oviedo, maji yakajaa mapafuni, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, akiwa na Nieves upande mmoja na Tino upande mwingine, alivuta pumzi ya mwisho kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu watatu na kitukuu mmoja, na Tino, ambaye hati hazimtaji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia utani wake, majirani waliolisha kuku na kuwasha jiko nyumba isipoe, wafanyakazi wenzake wa zamani wa posta, Padri Senén, na waendesha baiskeli wote mliokuja kwa upepo huu. Mwisho tunamshukuru mtu mmoja ambaye jina lake hatukulipata. Jana tuliomba mama arudishwe kwa barabara ya juu, na katikati ya mpando, mahali pembamba pasipopishana magari, gari la maiti lilikutana na lori la maziwa linateremka likiwa limejaa. Dereva aliona maua, akaelewa ni nani, na badala ya kutungoja turudi nyuma, alirudisha lori lake kinyumenyume, kona baada ya kona, hadi juu kabisa ya Brañaseca, ili Etelvina apande bila kusimamishwa. Kule juu alizima injini, akashuka, akavua kofia, na tukampita.

Etelvina, binti wa Ramiro na Obdulia, mke wa Laudelino, mama wa Nieves na Evelio, Mungu akupokee, upumzike.