Shemeji Hakutubu

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kukunja shuka. Mkewe alishika pembe mbili, yeye mbili, wakarudi nyuma kulinyoosha, na kama kawaida yake akakunja upande usio wake. "Unapima mashamba ya watu," mkewe akamwambia, "shuka linakushinda." Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu anayetaka kuvaa viatu, na hakuinuka tena. Ulipopita mwezi, Mpimaji, kama wanavyomwita, alirudi kijiweni kwa mara ya kwanza. Benchi lilikuwa palepale mbele ya kibanda cha Kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, na birika la Shangazi, muuza kahawa, lilifuka mvuke juu ya jiko la mkaa. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwepo. Antena, fundi wa redio, alikuwepo. Walimpa pole, wakampa upande usioyumba, wakavumilia kimya kwa muda wa kikombe kimoja. Kikombe cha pili ndicho kilichowashinda.

— Kesho utasema nini? Kinyozi akauliza.

Kiongozi wa ibada alikuwa ametuma ujumbe. Marehemu angeombewa kesho asubuhi mbele ya waumini wote, kwa sharti moja. Kwa kuwa mtaa mzima ulijua kwamba mama yule haamini, mumewe asimame kwanza aseme kwamba dakika za mwisho alitubu. La sivyo, jina lake halitatajwa.

— Sijui, Mpimaji akasema.

— Hujui nini? Neno moja tu. "Alitubu." Hata pumzi halimalizi.

— Hakutubu.

— Kwani nani kasema alitubu? Tunasema useme.

Mpimaji akanywa kahawa yake. Breki akaona hiyo ni ruhusa.

— Lakini hebu tuulizane, wenzangu. Mume anasoma mbele ya watu kila siku ya ibada. Mke hana habari. Chumba kimoja, sufuria moja. Inakuwaje mmoja aamini, mwenzake asiamini?

— Kazi, Kinyozi akasema. Shemeji alikuwa maabara. Mtu anachungulia tone la damu kutwa nzima, vidudu tu. Akiinua macho, kikubwa hakioni tena.

— Mbona Mpimaji naye anachungulia kwenye vyombo vyake, na anaamini? Breki akauliza.

— Huyu anachungulia mbali.

— Mimi nasema ni baba yake, Breki akasema. Mzee yule alikuwa mhubiri, aliwaamsha watoto kwa mkanda ili wasali. Na wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani hapo?

— Mkanda.

Antena akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mnapapasa gizani. Kila binadamu amezaliwa na mtambo wa kupokea, humu kichwani. Wengine mawimbi yanaingia safi, wengine wanasikia mkwaruzo mtupu. Si dhambi, ni waya. Shemeji aliwahi kuanguka utotoni?

Mpimaji akapuliza kahawa yake.

— Aliwahi, Antena akajijibu. Lazima.

— Waya gani! Mimi ndiye ninayeshika vichwa, Kinyozi akasema. Muumini kisogo chake bapa. Alilazwa chali akiwa mchanga, akazoea kutazama juu. Asiyeamini kisogo kimetokeza kama embe. Alilazwa kifudifudi, akazoea godoro.

Breki akapapasa kisogo chake. Antena akapapasa chake. Shangazi, birika mkono wa kulia, akapapasa chake kwa kushoto, kisha akamtazama Breki.

— Embe hilo, baba.

— Mimi nilikuwa mtoto msumbufu. Sikulala kabisa.

Wakacheka. Mpimaji akaweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika kwenye mbao.

— Mmemaliza?

Sauti yake haikupanda.

— Mnamjadili kama redio iliyoharibika. Mke wangu hakuwa na hitilafu. Alikaa akafikiri, akaona hakuna, akaniambia mchana kweupe kabla sijamposa, nami nikamposa. Hakuwahi kunicheka nikisali. Alikuwa akipunguza sauti ya televisheni. Leo mnataka nisimame mbele ya Mungu ninayemwamini, nimsingizie mtu asiyeweza kujibu.

— Si kumsingizia, Breki akasema. Ni kwa faida yake.

— Ni kwa faida yako, ili ulale vizuri.

— Ndugu yangu, tumia hekima kidogo.

— Aliketi kitandani akafa. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyesali, nilisali kwa kupiga kelele mpaka majirani wakavunja mlango. Mnataka kujua kwa nini wengine hawaamini. Mimi nataka kujua kwa nini mimi bado naamini. Kila nikiamka ninamkasirikia Mungu, na mtu hawezi kumkasirikia asiyekuwepo. Hiyo ndiyo imani iliyonibakia. Haya, nipimeni kisogo.

Hakuna aliyempima. Kinyozi akatafuta kitambaa cha kufutia benchi.

— Hasira, hasara, Breki akasema kwa unyonge.

— Hebu nyamaza, Shangazi akamwambia.

Binti mmoja alikuwa amesimama kando yao na mtoto mgongoni, chupa ya chai mkononi, akisubiri kujaziwa kahawa ya nyumbani kwao. Hakuwa mtu wa kijiweni.

— Shikamooni. Pole sana, baba. Samahani, nina swali. Kesho watoto nani atatushikia?

— Watoto gani? Kinyozi akauliza.

— Hawa wachanga. Wakianza kulia katikati ya ibada huwa tunatoka nao, tunampa marehemu mama pale kibarazani, halafu tunarudi ndani kumalizia kusali. Siku nyingine alikuwa nao watatu.

Kinyozi akamtazama Breki, Breki akamtazama Antena. Wote wanne hukaa safu za mbele. Mpimaji alijua tu kwamba mkewe alikuwa akimsubiri nje, na kwamba wakirudi nyumbani bega la gauni lake lilikuwa likinuka maziwa.

Binti akasubiri jibu. Shangazi akamjazia chupa yake, akaifunga, akamkabidhi.

Asubuhi iliyofuata Mpimaji alimkuta kiongozi wa ibada mlangoni.

— Utasema?

— Hakutubu. Ukitaka kumtaja, mtaje alivyokuwa.

— Hapo nitashindwa.

— Basi shindwa.

Hakuingia. Alikaa kibarazani, mgongo ukutani. Mtoto wa kwanza alipolia, mlango ukafunguka, naye akanyoosha mikono. Mtoto hakunyamaza. Ndani waliwaombea wagonjwa na wasafiri, kisha marehemu wa mwezi ule, mmoja mmoja, kwa majina yao. Mpimaji alisikiliza orodha mpaka mwisho, huku akitembea na mtoto yule, kwenda na kurudi.