Dhahabu Haiugui

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, mbao mbili juu ya matofali. Pembe ya mwisho ni ya Stoo, aliyetunza stoo ya hospitali mpaka akastaafu, kwa kuwa kutoka pale anauona mlango wa nyumba yake ng'ambo ya barabara. Zamani alikaa popote. Lakini tangu alipochukua mafao yake yote ya uzeeni akanunua vipande vya dhahabu na fedha, akavificha ndani, hakai tena ila pale. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Shauri lile la dhahabu lilizaliwa hapahapa kwetu, kwa hiyo hatumcheki. Asubuhi ile tulikuwa tunapiga kahawa, na Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, alikuwa anamtia moyo.

— Noti ni ahadi tu, alisema Redio. Mwenye benki akiamka na mafua, umekwisha. Dhahabu haiugui.

— Mimi kuna kitu sijaelewa, alisema Kinyozi. Alitoa fedha benki akanunue fedha?

— Ile ya benki ni karatasi. Hii ni madini.

— Basi katoka fedha kaenda fedha. Nauli ya nini?

— Wahenga walisema akiba haiozi. Walimaanisha madini. Mahindi si yanaoza?

— Hapo sawa.

— Itafika siku unakwenda sokoni na kipande chako, unakikwangua kama sabuni, unapewa nyanya.

— Na chenji?

— Chenji unarudishiwa vumbi lake.

Kinyozi naye hakutaka kuachwa nyuma.

— Nasikia ikikaa sana gizani inaongezeka uzito.

— Inazaa?

— Haizai. Inanenepa.

Stoo hakucheka. Mimi, fundi cherehani, nilikuwa na neno langu tangu jana, nikalitoa.

— Stoo, nimesikia dada yako ametutoka. Pole sana, ndugu yangu. Mazishi lini?

— Yamepita. Juzi.

— Juzi si ulikuwa hapa?

Alitazama mlango wake.

— Nyumba ningemwachia nani?

Tulikuwa watatu pale, na yeyote kati yetu angeshika ule ufunguo. Hakututazama, nasi hatukumwambia. Dada huyo ndiye aliyemlea; mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyembeba Stoo mgongoni. Habari hizo alitusimulia mwenyewe, benchi hilihili, enzi anakaa popote.

— Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, Redio akajaribu.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Kinyozi.

— Itaingia tu.

Haikuingia. Tukanywa kahawa, mpaka akafika mwanamke mwenye begi la safari, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni, wazee. Shikamoo, mjomba.

Stoo aliruka akasimama. Alikuwa binti wa yule marehemu.

— Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema unakuja?

— Kaa, mjomba, usijisumbue. Akamshika mkono, akamkalisha taratibu kama mgonjwa. Uliposema kwenye simu kwamba mguu hauwezi hata kupanda basi, tuliogopa sana. Mama alikuulizia mpaka mwisho. Nikamwambia mjomba anaumwa, la sivyo angekuja. Akasema nikishamzika yeye, nije nikuangalie wewe.

Kinyozi aliingia kibandani akawasha mashine. Hakukuwa na kichwa cha kunyoa.

Binti alipiga magoti pale chini kwenye mchanga, akatoa chupa ya dawa ya kuchua, akajimiminia kiganjani. Akasugua viganja vipate joto.

— Ni mguu upi, mjomba?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nilitazama barabara. Stoo aliivuta miguu yake yote miwili chini ya benchi, akainamisha kichwa, na yule binti akaendelea kungoja, mikono imenyooka.