Historia ya Injinia Wiston Bukuru na Mtoto wa Tanuri la Nne

Baba Paroko, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Nyamiaga, familia imeona ni haki, kabla ya mwili kuteremshwa, mpate kusikia maisha ya ndugu yetu kwa mpangilio wake, pamoja na jambo ambalo wengi wenu mmeliuliza tangu asubuhi, yaani kile chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa cheupe kando ya jeneza.

Injinia Wiston Bukuru alizaliwa hapa Nyamiaga tarehe 14 Machi 1950, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sebastiani Bukuru na Mama Felisita, wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma shule ya misheni hapa Ngara kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari Bukoba na baadaye Tabora, akalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972, kisha akaenda Lusaka, Zambia, kusomea uhandisi wa migodi na uyeyushaji wa madini, akahitimu mwaka 1977. Aliajiriwa na wizara iliyohusika na madini tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, akafanya kazi Mwanza, Geita na Dodoma, na katikati ya utumishi, mwaka 1990, akapata shahada ya pili Dar es Salaam kwa utafiti juu ya historia ya uchimbaji na uyeyushaji wa chuma katika nchi hii. Alistaafu akiwa na miaka sitini kamili.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa takatifu na Domisiana, binti wa Lukole, aliye hapa mbele yetu leo. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa akiwa amekwisha kufariki tarehe 9 Februari 1980, huko Lukole kwa wazazi wa mama yake, wakati marehemu akiwa kazini Geita, na alipofika siku ya tatu alikuta mtoto amekwisha kuzikwa pembeni ya shamba, akaonyeshwa udongo tu. Baadaye Mungu akawajalia Agness mwaka 1982, Novatus mwaka 1985 na Scolastica mwaka 1989, na wajukuu saba. Mwaka 1994 wakimbizi walipoingia kwa maelfu kwa maelfu, shamba lile lilijaa mahema, wala hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa watu wale walikuwa wanakimbia kifo. Lakini kambi zilipofungwa, marehemu alikwenda na futi kamba yake na mke wake, wakapima kutoka kila mahali walipopakumbuka, wasilipate kaburi. 

Baada ya kustaafu aliingia kwa moyo wote katika kazi aliyoitamani tangu alipokuwa mvulana anayeokota njiani mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, akawa anakwenda Biharamulo kila kiangazi kufukua matanuri ya wahunzi wa zamani katika vilima vya nyuma ya Nyakahura. Msaidizi wake mkuu alikuwa Bwana Maduhu, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu, naye hakuacha kumtania mbele ya vibarua: "Injinia, wenzako wote wanatafuta dhahabu, wewe na shahada zako mbili unatafuta mavi!" Marehemu alikuwa akicheka na kumjibu kwamba dhahabu haisemi ilichimbwa na nani, ila mavi ya chuma yanasema yote, hata aina ya mti uliochomwa makaa.

Mwezi Julai 2013 waligawana kilima kimoja, marehemu upande wa mashariki na Bwana Maduhu upande wa magharibi, kila kundi likiyahesabu matanuri yake kuanzia la kwanza. Siku moja makundi yote mawili yalifika kwenye tanuri lao la nne, na katika sakafu ya kila tanuri, chini ya majivu, kukaonekana chungu kidogo kilichozibwa kwa udongo, vyungu viwili vya kufanana kama mapacha. Vilifungwa kwa uangalifu, vikaandikwa "Tanuri la Nne" vyote viwili, vikapakiwa kwenye sanduku moja, vikapelekwa maabara bila kufunguliwa. Mtu aliyepanga kila kitu maishani mwake kwa namba hakukumbuka siku ile kuandika mashariki wala magharibi.

Majibu yalirudi mwaka 2015. Katika chungu kimoja mlikuwa na mizizi na majani yaliyokauka, na katika cha pili mlikuwa na mifupa ya mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia.

Marehemu alivichukua vyungu vyote viwili, akavileta nyumbani, akaviweka stoo, na mwaka uliofuata akafika kwa Bibi Auleria, mjukuu wa mhunzi aliyeyajenga matanuri yale, ambaye leo tunaye hapa akiwa na umri wa miaka tisini na saba, kwani alifika jana kwa lori lililokuwa linakwenda Rusumo, akakataa kabisa kukaa nyuma na mizigo. Baada ya shikamoo na marahaba, Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, umemwondoa mtoto kitandani." Akaeleza kwamba katika ukoo wao mtoto aliyezaliwa bila pumzi hakupelekwa porini, bali baba yake alimlaza chini ya tanuri, ili mivukuto impulizie ile pumzi aliyoikosa, na kwamba babu yake alikuwa na wake wawili, kila mmoja na tanuri lake, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Habari za mtoto alizisikia utotoni, lakini ni yupi kati ya wake hao aliyekuwa mama yake hakutajiwa. Marehemu alipouliza kama angeweza kumrudisha upande wowote, Bibi alishtuka: "Umlaze kwa mke mwenza? Atalia, na wewe utamsikia."

Kuanzia siku hiyo ndugu yetu hakuwa na kazi nyingine. Alipima udongo wa vyungu na udongo wa matanuri, akapeleka sampuli Mwanza, Dodoma na ng'ambo kwa fedha za kiinua mgongo chake, na kila jibu lilikuwa lilelile, kwamba matanuri yote mawili na vyungu vyote viwili vilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu kimoja. Bwana Maduhu akamshauri, "Injinia, tumweke katikati ya matanuri mawili, yaishe," naye Bibi Auleria akamkemea, "Katikati ni njia. Wewe Maduhu, watoto wako unawalaza njiani?" 

Katika miaka hiyo ndipo Mama Domisiana alipoanza kusikia sauti kutoka stoo, wakati wa alasiri, kama pumzi inayovutwa na kuachiwa, au kama mivukuto inayofanya kazi mbali sana. Marehemu, kwa kuwa alikuwa mhandisi, alikagua mabati akidhani yanatanuka kwa jua, akatafuta popo, akaziba nyufa zote za ukuta, na siku za mvua, mabati yakiwa yamepoa, alikaa kwenye kigoda akasikiliza, na sauti ilikuwapo. Hakuitolea maelezo. Wajukuu wanakumbuka kwamba kila mtoto mchanga alipolia humu nyumbani, babu aliinuka kuelekea stoo kwanza, ndipo akageuka.

Mwaka 2022 kilima kile kilichimbwa moramu ya barabara, na marehemu alipofika alikuta shimo jekundu lililojaa maji ya mvua, hakuna mashariki wala magharibi. Alisimama hapo na Bwana Maduhu hadi maji yakatulia, akasema neno moja tu, "Lukole."

Tangu Novemba 2023 alisumbuliwa na figo, akatibiwa katika hospitali ya wilaya na baadaye Mwanza, na mwezi Juni mwaka huu madaktari walipomweleza ukweli, aliomba aletwe nyumbani na Bibi Auleria aitwe. Mbele ya familia yote aliomba ruhusa ya kuzikwa na mtoto yule, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa mahali pake na hakuna tena mahali pa kumrudisha. Bibi alikataa. "Wewe ni mwanamume," akasema, "na mtoto mchanga halali na mwanamume asiye baba yake. Usiku akimtafuta mama, utampa nini?" Marehemu aligeuza uso ukutani, na sisi tuliokuwapo tulijua kwamba hilo ndilo lililokuwa limebaki la kumwua, siyo figo. Hapo Mama Domisiana, ambaye kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi kumtaja mzaliwa wake wa kwanza mbele za watu, alisema, "Bibi, mama yupo. Mahali pangu pa kuzikwa pametengwa kushoto kwa mume wangu. Mwekeni upande huo, nitamkuta." Bibi Auleria akamwita "mke mwenzangu," kama mjukuu wa kike anavyomwita mke wa babu yake, jina ambalo hajaacha kumwita hadi leo, akampa mtoto.

Injinia Wiston Bukuru alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi mitano na siku ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngara na Mwanza, majirani waliolala hapa matangani, wastaafu wenzake wa wizarani, Bwana Maduhu aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake na kukataa kusaidiwa, na Baba Paroko, ambaye tulipomweleza habari hii kwa hofu hakuuliza lolote ila kama mtoto amepewa jina. Amepewa, nalo analijua Mama Domisiana.

Tunawaomba vijana watakaoteremsha jeneza wamwachie Bibi Auleria nafasi. Chungu kitawekwa kushoto, kimegusa ukuta wa udongo upande ule ambao bado haujachimbwa. Jana alasiri, kikiwa kimekwisha kutolewa stoo, tulisikiliza, kukawa kimya. Lakini Mama ameomba mlango wa stoo usifungwe, nasi hatukumwuliza sababu.

Kaka yetu Wiston, kazi yako imefika mwisho wake. Pumzika kwa amani, na umshike huyo mtoto mpaka mama yake afike.